Karatasi ya Dola Kumi na Nane

Habari ile Bi Mkasi aliipata mezani, kijiko kikiwa nusu ya njia kwenda mdomoni. Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, mtu ambaye tangu utotoni neno zuri halilali kinywani mwake. Alisema mke wake ameuza nyingine kumi na moja tangu Ijumaa. Binti ya Bi Mkasi akauliza nyingine nini. Patani za magauni, mjomba mtu akajibu, zile ramani za karatasi ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Ila hizi hata karatasi si karatasi, ni faili tu, mteja wa ng'ambo anailipia, anaipakua na kujichapishia mwenyewe kwake. Bi Mkasi akauliza bei. Aliuliza kwa adabu tu, kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa asiyemjua.

"Dola kumi na nane," mdogo wake akasema. "Moja."

Kitambaa cha meza kikatikisika. Wifi yake alikuwa amempiga mumewe teke chini ya meza, lakini teke lilichelewa.

Bi Mkasi akatabasamu, akasema hongera wifi, akamaliza chakula chake bila kujua anakula nini. Kwa dola kumi na nane yeye alishona gauni zima: kitambaa cha ndani, zipu, kola, mteja kuja kujaribisha mara mbili, na pasi juu yake. Wifi yake alipata hizo hizo kwa kitu kisicho na uzi hata mmoja. Tena mara kumi na moja, tangu Ijumaa.

Lililomuuma zaidi lilikuwa hili: kukata, wifi yake alijifunza kwake.

Bi Mkasi alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye cherehani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye mashine mbili, meza ndefu aliyoipigilia misumari midogo ukingoni kila baada ya sentimita kumi, na waya uliotoka ukuta hadi ukuta ukiwa umening'inizwa patani za karatasi ya kaki. Jina la Bi Mkasi alipewa na wateja kwa sababu alikata bila kuchora chaki. Aliangalia mwili, akaangalia kitambaa, mkasi ukaingia. Sifa yake kubwa ilikuwa wanawake wanene, wale ambao mafundi wengine huwashonea magunia yenye mikono. Mwenyewe alikuwa mnene, na alijua mkono wa gauni unaposhikia.

Wifi yake aliolewa akiwa karani wa duka la kutoa nakala. Alitaka kujifunza kushona, basi miaka miwili, kila Jumamosi, alikaa karakanani. Alikuwa wa mkono wa kushoto, mkasi wake ulipinda, mishono yake ilikuwa ya kuvumiliwa tu. Lakini alikuwa anaandika. Kila alichoambiwa aliandika kwenye daftari, akachora na mishale, mpaka Bi Mkasi akamtania kwamba gauni halivaliwi na daftari. Siku moja ndipo akatoa shauri: wewe wifi uchore, mimi niingize kwenye kompyuta, tuwauzie watu wa ng'ambo wanaojishonea majumbani. Bi Mkasi alicheka mpaka akakaa chini. Nani atanunua karatasi? Na akinunua mmoja, si atawagawia wenzake wote? Kwa wiki nzima aliwasimulia wateja kama kichekesho. Wifi yake alicheka pamoja nao, akaacha kuja Jumamosi, akaenda kuanza peke yake.

Kwa hiyo donge la Bi Mkasi lilikuwa na ncha mbili. Ncha moja ilimchoma wifi yake, ya pili ilimchoma yeye mwenyewe, na hii ya pili hakuweza kumwambia mtu.

Alijikaza kisabuni siku tatu. Siku ya nne akamwita binti yake, karani wa zahanati, aliyekuwa na kompyuta ya kubeba, akamwambia naye anataka duka mtandaoni. Binti akafurahi, akauliza bei itakuwa ngapi. Bi Mkasi alikuwa ameshapanga. Alianza maisha akiuza nguo za watoto sokoni, na sokoni alijifunza jambo moja: jirani akiuza kumi, wewe uza saba, wateja watakuja kwako wakikanyagana.

"Weka dola moja," alisema.

"Moja, mama?"

"Moja. Tuone hiyo kumi na nane itauzwa kwa nani."

Alichora patani thelathini. Alichora asubuhi kabla ya wateja, na mchana wateja wakiwa wamekaa. Binti alizipiga picha, akazinyoosha kwenye kompyuta, akazipandisha. Duka likafunguliwa. Bi Mkasi akaanza tabia ya kuamka na kuangalia kurasa mbili, kwanza ya wifi yake, kisha ya kwake. Ya wifi ilikuwa na nyota mia mbili na kitu. Alizihesabu zilivyoongezeka kama mtu anayehesabu vidonda. Picha za gauni aliziangalia kwa karibu akitafuta kasoro: pindo limekaaje, kola imelalaje. Mwanamke aliyevaa gauni pichani alikuwa wifi mwenyewe, amesimama mbele ya ukuta mweupe, anacheka. Cheko lile Bi Mkasi aliliona kama limetumwa kwake yeye.

Katika wiki sita aliuza patani nne.

Nne, kwa dola moja. Aliamini kuna kosa kwenye mtandao. Kisha akaja mteja mmoja, muuguzi mstaafu wa nchi ya mbali, akaandika ujumbe mrefu ambao simu iliutafsiri kwa Kiswahili cha kujikwaakwaa. Alisema gauni limemkaa vizuri kuliko lolote alilowahi kujishonea, hasa begani. Lakini alisema pia kwamba patani ile ilikaa kwenye kompyuta yake mwezi mzima kabla hajathubutu kuigusa. Kwa bei ile alidhani ni mtego wa wezi wa mtandaoni, au mchoro wa mtu mwingine ulioibwa. Na hata alipojua ni salama, bado aliogopa, maana kitambaa chake kilimgharimu dola hamsini na tano, na Jumamosi yake moja ya kushona ilikuwa ya thamani kuliko kitambaa. "Dola moja au ishirini kwangu ni sawa," aliandika. "Ninachoogopa ni kuharibu kitambaa. Mtu anayejiuza dola moja ananiambia kwamba hata yeye hajiamini."

Bi Mkasi aliusoma ujumbe huo mara tatu, akakasirika mara tatu. Miaka yote aliamini bei ni mlango, ukiushusha chini kila mtu anaingia. Sasa mzungu aliyemnunua kwa dola moja anamwambia mlango ule ulikuwa mfupi mno mpaka watu wakadhani ni wa banda la kuku. Na wifi yake, mwenye mshono wa kuvumiliwa, alilijua hili, sijui amelijulia wapi.

Akaamua kuinunua ile patani ya wifi. Alitaka kuiona kwa macho yake. Hakutaka wifi ajue, kwa hiyo duka lilipouliza mnunuzi yuko nchi gani, alimwambia binti yake achague nchi yoyote ya mbali yenye baridi, na jina aandike la kubuni. Binti alimtazama, akaandika, akatoa kadi yake ya benki. Dola kumi na nane zikaondoka. Bi Mkasi aliziona zikiondoka kama jino.

Alikwenda kuichapisha kwenye duka la nakala mtaa wa pili, kurasa arobaini na mbili, akarudi akafunga mlango wa karakana na kuziunganisha kwa gundi juu ya meza. Ilikuwa kazi safi. Hilo lilimuuma kabla ya yote. Kurasa kumi na nne zilikuwa za maelezo, kila hatua na picha yake. Palikuwa na kijimraba cha kupimia rula, mteja ahakikishe printa yake haijapunguza vipimo. Palikuwa na saizi kumi na moja, kila moja na mstari wake. Na bega lilikuwa bega lake. Alilitambua kama mtu anavyotambua mtoto wake katikati ya kundi la wanafunzi: ule mpindo mdogo nyuma ya kwapa, alioubuni yeye kwa ajili ya mteja mmoja mwenye mgongo mpana, miaka kumi iliyopita.

Akachukua futi ya kupimia na kuizungusha kwenye mistari, saizi baada ya saizi. Alipofika mbili za mwisho, kubwa kuliko zote, akasimama. Akapima tena. Kwapa lilikuwa limepanuliwa, lakini kichwa cha mkono, ile sehemu ya juu inayoshonewa kwapani, kilibaki nyuma, kilipungua sentimita mbili na nusu. Wifi alikuza mwili kwa hesabu za kompyuta. Hakuwahi kumshonea mwanamke wa saizi ile. Mkono ule hauwezi kuingia kwapani, na ukilazimishwa utavuta bega lote.

Bi Mkasi akazungushia penseli mahali pale, duara mbili. Akashika simu, akalitafuta jina la wifi, akalipata. Akaiweka simu mezani. Akaenda kupiga pasi sare za shule za mteja, na binti yake aliporudi kazini alimkuta mama yake anaimba.

Wiki tatu alikaa nalo. Hakufanya lolote, na ndiyo raha yake ilivyokuwa: hakuandika maoni mabaya, hakusema uongo, hakumgusa mtu. Alikuwa anasubiri tu. Asubuhi aliamka, akafungua ukurasa wa wifi, akaangalia.

Lalamiko likaja siku ya Jumatano. Nyota moja, na picha. Mwanamke mnene, wa umri wake, amesimama mbele ya kioo cha chumbani na simu mkononi. Kitambaa kilikuwa cha kijani kilichoiva, cha gharama, hata kwenye picha kilionyesha. Mkono wa kulia ulikuwa umevuta bega mpaka kola imekwenda upande. Aliandika kwamba lilikuwa gauni la harusi ya mwanawe. Hakutukana. Alisema tu kwamba amezoea, nguo za watu kama yeye siku zote hukosewa, ila safari hii alikuwa ameamini.

Bi Mkasi alitarajia raha. Raha ilikuja, ikakaa kama dakika moja. Kisha akaliangalia lile bega kwa muda mrefu, na mkono wake wenyewe ukapanda ukashika bega lake. Siku ile alikata sketi ya mteja upande usio wake, jambo ambalo halijamtokea miaka.

Siku mbili baadaye mdogo wake akaja karakanani mchana, akasimama mlangoni kama aliyekuja kukopa. Alisema wameongezeka wawili wenye malalamiko, na mke wake amelifunga duka, hali chakula sawasawa, anapima zile karatasi kutwa na haoni kosa liko wapi. Asingependa mkewe ajue kwamba amekuja. Lakini dada, kama ungeweza kuzitupia jicho.

"Nitakuja kesho asubuhi," Bi Mkasi alisema, na hakumtazama usoni.

Alikwenda na ile patani yake, imekunjwa kama mkeka. Wifi alikuwa mezani pale pale walipokula ile Jumapili, karatasi zimetapakaa, nywele hazijachanwa. Bi Mkasi angeweza kuangalia karatasi za pale, akaonyesha kosa, akapewa shukrani. Njiani alikuwa amelifikiria hilo sana. Lakini patani iliyokuwa kwapani mwake aliikunjua mezani, na wifi yake, karani wa nakala wa zamani, hakuangalia kwanza mistari. Aliangalia pembeni ya ukurasa, chini, ambapo printa huchapa tarehe.

"Hii umeinunua lini, wifi?"

"Wiki ya nne inaingia."

"Na hizi duara za penseli?"

"Siku ile ile."

Wifi akagusa duara moja kwa kidole. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Kwa hiyo ulijua kabla yao."

"Nilijua."

"Ungenipigia simu tu."

"Nilishika simu," Bi Mkasi alisema. "Nikaiweka. Nilitaka uanguke kidogo, wifi. Si sana. Kidogo tu, ili na mimi nionekane."

Wifi hakulia wala hakupaza sauti. Alikaa akiikunja na kuikunjua pembe ya karatasi. Mwishowe aliuliza kosa liko wapi hasa, na Bi Mkasi akamwonyesha, akazungusha futi kwenye kwapa, akazungusha kwenye kichwa cha mkono, sentimita mbili na nusu zikabaki hewani. Wifi akaguna. Akauliza kurekebisha kunachukua siku ngapi. Mbili, Bi Mkasi akasema, kwa sababu si mkono peke yake, na mgongo wa saizi zile lazima uchorwe upya, kwa mkono, si kwa kukuza.

"Bei yako?"

Bi Mkasi akataja bei ya kushona blauzi.

"Hiyo si bei, hiyo ni toba," wifi akasema. "Toba sitaki. Nitajie bei."

Kwa miaka ishirini na sita Bi Mkasi hakuwahi kutaja bei bila kwanza kuangalia viatu vya mteja. Akasema dola themanini, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Wifi akaitikia kwa kichwa, kama vile themanini ni namba kama namba nyingine, akaandika kwenye daftari.

Ndipo akauliza, kwa ukavu, kwa nini alilipa kumi na nane, maana wiki ile hapakuwa na aliyelipa pungufu. Fundi anayenunua kutoka nchi kama hii yao huuziwa dola nne. Duka lenyewe hupunguza likiona nchi. Kumi na nane ni ya wale ambao kwao ni bei ya vikombe vitatu vya kahawa. Bi Mkasi akalazimika kueleza ile nchi ya baridi na lile jina la kubuni. Pembe ya mdomo wa wifi ilicheza, kisha akakumbuka amekasirika, akaufunga.

Kazi ilikwisha kwa siku mbili. Wifi alituma faili jipya kwa wote walionunua, akamrudishia yule mama wa gauni la kijani pesa ya kitambaa bila kuombwa. Bi Mkasi akalipwa themanini zake kwenye bahasha, na risiti juu yake, mlangoni, bila kukaribishwa kuketi. Risiti ile ilimuuma kuliko ambavyo tusi lingemuuma. Miezi miwili iliyofuata waliongea kama fundi na mteja: salamu, vipimo, kwaheri. Mdogo wake katikati akawa mpole kama mtu aliyebeba mayai.

Naye Bi Mkasi akaligeuza duka lake. Patani thelathini akazipunguza, akabakiza nne, zote za wanawake wanene, kuanzia saizi ambapo wengine huishia. Alizishona zote nne upya, hatua kwa hatua, binti yake akipiga picha, na pichani akasimama yeye mwenyewe. Maelezo yalichukua kurasa kumi na sita. Binti alipouliza bei, Bi Mkasi alizungumza sana kuhusu gharama ya kitambaa ng'ambo, na hofu ya mteja, na Jumamosi ya mtu, kisha akasema dola kumi na tisa.

"Kwa nini kumi na tisa, mama, na si ishirini?"

"Andika kumi na tisa."

Binti akaandika, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Wiki ya kwanza hakuna aliyenunua, na Bi Mkasi alikaribia kurudisha bei chini mara mbili, mkono ukiwa tayari juu ya simu. Wiki ya pili wakanunua watano. Muuguzi mstaafu alikuwa mmoja wao. Aliandika kwamba safari hii alikata kitambaa jioni ile ile. Mwezi ulipokwisha walikuwa thelathini na wanne. Haikukaribia mauzo ya wifi. Kila asubuhi Bi Mkasi bado alifungua ukurasa wa wifi kwanza, na kila nyota mpya bado ilimkwaruza mahali pale pale. Alishaacha kujidanganya kwamba siku moja haitamkwaruza.

Jumamosi moja mdogo wake akapita kuchukua suruali iliyokuwa inapunguzwa kiuno. Neno zuri, kama kawaida yake, halikulala. Alisema mke wake ameiona ile kumi na tisa. Ameiona jana wakati wa chakula, akanyamaza mpaka sahani zikaondolewa. Halafu akakaa kwenye kompyuta, akapandisha zake zote kuwa ishirini na moja. Kisha akaanza kuziangalia picha za Bi Mkasi moja moja, akazikuza, akasema, huyu pindo lake limekaaje hivi bila pini?

Bi Mkasi aliuliza, taratibu, kama amesikia sawasawa. Alikuwa ameangalia pindo?

"Kwa saa nzima," mdogo wake akasema.

Alipoondoka, Bi Mkasi alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo huwa hakai. Kitu kitamu kilimpanda kifuani, kitamu kuliko zile dola, na alilijua jina lake, wivu, maana alikuwa amekibeba yeye mwaka mzima na sasa kilikuwa kwa mwenzake. Kikampandia kwa raha, kisha polepole kikamtia huruma, kwa kuwa aliujua uzito wake.

Akachukua simu. Safari hii hakuiweka mezani.

"Wifi," alisema ilipopokelewa, "ishirini na moja ni nyingi kwa ile blauzi. Lile gauni sawa, lakini blauzi haina hata kola."

Sauti ya upande wa pili ikasema kwamba kumi na tisa nayo ni kidogo kwa kazi ya mgongo ule, mtu anajionea haya kuwa jirani yake. Bi Mkasi akajibu. Wifi akajibu. Walibishana kuhusu bei ya blauzi mpaka betri ya mmoja wao ikakaribia kuisha, na kabla haijaisha wifi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, lile pindo analikunjaje.

"Njoo Jumamosi uone," Bi Mkasi akasema. "Ila nitakutoza."